Gitaa la solo (muziki wa dansi)

Gitaa la solo ni gitaa la umeme linalopiga sauti za juu na kuongoza magitaa mengine katika bendi ya muziki wa dansi. Katika bendi za Tanzania, Kenya na Kongo hupigwa pamoja na gitaa la rizimu, gitaa la solo la pili na gitaa la besi. Anayelipiga huitwa mpiga solo au mcharaza solo.

Wapenzi wa dansi humpima mpiga solo kwa mambo mawili. La kwanza ni ufundi, yaani usahihi wa vidole, wa wakati na wa sauti. La pili ni hisia, yaani uwezo wa kumgusa msikilizaji na kumwinua mchezaji kutoka kitini. Mabishano kuhusu lipi kati ya hayo lina uzito zaidi yapo pia katika muziki wa hevi metali wa Ulaya na Marekani, ambako solo ya gitaa ina nafasi kubwa. Hata hivyo, katika dansi ya Tanzania swali hilo lina umbo lake, kwa kuwa solo ya dansi haikukua kama onyesho la mtu mmoja. Ilikua ndani ya muziki wa kuchezwa, ambao umechukua baadhi ya majina ya mitindo yake kutoka ngoma za Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe, Kibaha na Dar es Salaam.

Jina na maana

Neno "solo" lina asili ya Kiitalia na maana yake ni "peke yake". Katika muziki wa nchi za magharibi hutaja kipande cha wimbo ambacho chombo kimoja au sauti moja hujitokeza mbele, huku wengine wakinyamaza au kusindikiza. Hiyo ndiyo maana inayotumika katika hevi metali: solo ni kipande chenye mwanzo na mwisho, na mara nyingi huja wimbo ukiwa umevuka katikati.

Katika dansi ya Afrika Mashariki maana imepanuka. Solo ni kazi, si kipande tu. Ikisemwa kwamba fulani anapiga solo, maana yake ni kwamba ndiye mwenye gitaa hilo tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Hufungua wimbo, hujibu waimbaji katikati ya mistari, hupishana na wapulizaji wa saksafoni na tarumbeta, kisha hutawala sehemu ya mwisho ya kuchezwa. Kwa hiyo mpiga solo wa dansi, licha ya jina lake, ni nadra sana kupiga akiwa peke yake.

Nafasi katika bendi

Bendi kubwa za dansi za miaka ya 1970 na 1980 kwa kawaida zilikuwa na magitaa matatu au manne, na kila moja lilikuwa na kazi yake:

- Besi hushika msingi wa wimbo pamoja na drams na tumba. Besi ya dansi huacha nafasi nyingi. Haipigi kila pigo, na nafasi hizo humfanya mchezaji asikie mdundo kwa mwili.
- Rizimu hupiga kordi zilizovunjwavunjwa, zikirudiwa kwa mpangilio ule ule bila kubadilika sana.
- Solo la pili hukaa kati ya rizimu na solo. Kongo huitwa mi-solo. Mara nyingi hupiga kipande kifupi kinachofumana na cha solo, kiasi kwamba msikilizaji mgeni hudhani anasikia gitaa moja.
- Solo hupiga sauti za juu zaidi, karibu na mwisho wa shingo ya gitaa, na kusikika juu ya wengine wote.

Wimbo wa dansi wa kipindi hicho huwa na sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu. Ndani yake waimbaji hueleza kisa, na solo hujaza mapengo kati ya mstari na mstari. Ya pili ni ya kuchezwa. Tanzania sehemu hiyo huitwa chemko, kwa maana ya kuchemka, na Kongo huitwa sebene. Hapo maneno hupungua, magitaa husogea mbele na wapulizaji huingia kwa zamu. Sifa ya mpiga solo hujengwa katika sehemu zote mbili, lakini kwa njia tofauti: katika ya kwanza hupimwa kwa namna anavyomsikiliza mwimbaji, na katika ya pili kwa namna anavyomshika mchezaji.

Historia

Bendi za kwanza za dansi zilianzishwa Dar es Salaam na katika miji mingine ya Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na wakati wake. Miongoni mwa zile za mwanzo zilizojulikana sana ni Dar es Salaam Jazz Band na Morogoro Jazz Band. Neno "jazz" katika majina hayo halikumaanisha jazi ya Marekani. Lilimaanisha bendi ya kisasa ya kucheza. Sahani za santuri kutoka Kuba zilivutia wanamuziki wengi, na athari yake ilisikika wazi katika bendi kama Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mjini Morogoro.

Gitaa la umeme lilishika uongozi wa bendi kuelekea miaka ya 1960. Mvuto mkubwa ulitoka Kongo, ambako palikuwa na njia mbili zilizojulikana za kupiga solo. Nicolas Kasanda, maarufu kama Dr Nico (1939–1985), aliyetokea bendi ya African Jazz, alisifiwa kwa sauti laini, safi na zenye mpangilio. Luambo Makiadi, maarufu kama Franco (1938–1989), wa bendi ya OK Jazz, alisifiwa kwa mapigo mazito, makavu na ya kurudiarudia yaliyowatia wachezaji moto. Wapenzi wa muziki walizigawa bendi nyingi za Kongo katika njia hizo mbili, na mgawanyo huo ulikuwa moja ya namna za mwanzo za kubishana kuhusu ufundi na hisia katika gitaa la Afrika ya Kati na Mashariki.

Katika Tanzania mpiga solo aliyepata umaarufu mkubwa kuliko wengi ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (1944–1979). Alipigia Morogoro Jazz Band kuanzia miaka ya 1960, akaenda na bendi hiyo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70, na mwaka 1973 akaanzisha Orchestra Super Volcano. Aliitwa "Soloist National". Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, na kwa sababu hiyo gitaa lake mara nyingi husikika kama linaendeleza sentensi aliyoiacha mdomoni. Alifariki Januari 1979 mjini Mombasa kutokana na ajali ya gari.

Baada ya uhuru, bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika ya umma, jumuiya za wafanyakazi, jeshi, polisi na vyama vya vijana. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi cha NUTA. Baadaye iliitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Katika mfumo huo vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpiga solo aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake na kuliacha gitaa. Kwa hiyo aina ya gitaa na amplifaya havikuwa alama ya mpigaji, kama ilivyo kwa wapigaji wengi wa roki. Alama yake ilikuwa namna yake ya kupiga.

Wapiga solo wengine waliojulikana ni Salum Zahoro wa Kiko Kids ya Tabora, Michael Enoch wa Dar es Salaam Jazz Band, Said Mabera wa NUTA Jazz na Msondo Ngoma, Abel Balthazar na Joseph Mulenga wa Mlimani Park Orchestra, Hamza Kalala wa Vijana Jazz, na Wilson Kinyonga wa Simba Wanyika, bendi ya Watanzania iliyofanya kazi Kenya. Kutoka Kongo walikuja wapigaji kama Nguza Mbangu "Viking" na Dekula Kahanga "Vumbi", waliopigia Orchestra Maquis. Dekula aliendelea na muziki huo nchini Uswidi. Michael Enoch, ambaye baadaye alihamia saksafoni na kuwa kiongozi wa Mlimani Park, aliitwa "Teacher" kwa sababu ya kuwafundisha wanamuziki wengi.

Uzaramo: Kisarawe na Kibaha

Kisarawe na Kibaha ni wilaya za Mkoa wa Pwani zinazopakana na Dar es Salaam upande wa magharibi na kusini-magharibi. Kibaha ni makao makuu ya mkoa na iko kando ya barabara ya Morogoro. Kisarawe iko ng'ambo ya vilima vya Pugu. Wazaramo ni wenyeji wa eneo hilo pamoja na Dar es Salaam yenyewe, na ngoma zao ziliendelea kuchezwa mijini na vijijini wakati bendi za dansi zilipokuwa zikikua.

Miongoni mwa ngoma za Wazaramo ni mdundiko, mkwaju, vanga, msondo na sikinde. Baadhi yake huhusiana na unyago na kutolewa kwa mwali. Mtafiti Marja-Liisa Swantz aliandika kwa kina kuhusu mila hizo katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu ibada na ishara za Wazaramo. Msondo ni pia jina la ngoma ndefu inayosimamishwa chini wakati wa kupigwa.

Bendi mbili zenye ushindani mkubwa zaidi katika dansi ya Tanzania zilichukua majina ya mitindo yao kutoka hapo. NUTA Jazz iliuita mtindo wake Msondo. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, iliuita wake Sikinde, kwa kirefu "Sikinde ngoma ya ukae". Neno "ukae" ni la Kizaramo na maana yake ni nyumbani. Majina hayo yalishika kiasi kwamba watu wengi huziita bendi zenyewe Msondo na Sikinde, na maonyesho ya kuzishindanisha yaliitwa mpambano wa watani wa jadi.

Mwanamuziki anayeziunganisha bendi hizo ni Muhidin Maalim Gurumo (1940–2014), mzaliwa wa kijiji cha Masaki, wilayani Kisarawe, ambako pia alizikwa. Aliimba NUTA Jazz tangu mwaka wa kuanzishwa kwake, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi katika bendi ya Msondo. Gurumo hakuwa mpiga solo bali mwimbaji na mtunzi. Hata hivyo nyimbo zake ni mfano mzuri wa kazi ya solo, kwa kuwa aliimba kwa utulivu na kuacha nafasi kubwa kati ya mistari, na gitaa lilipaswa kuijaza bila kumfunika. Mbaraka Mwinshehe naye anahusishwa na Kisarawe, kupitia kijiji cha Mzenga.

Kinachofanana kati ya ngoma na chemko ni mgawanyo wa kazi. Katika ngoma nyingi za pwani baadhi ya wapigaji hushika mdundo usiobadilika, na mmoja hupewa ruhusa ya kuubadili ili kuwaelekeza wachezaji. Katika chemko, rizimu na solo la pili hushika, na solo hubadili. Katika hali zote mbili mabadiliko huwa madogo. Mpigaji anayebadili mno huwapoteza wachezaji, na asiyebadili kabisa huwachosha.

Wilaya ya Kibaha ina historia yake katika bendi za taasisi. Jeshi la Kujenga Taifa, lenye kambi ya Ruvu huko Mlandizi, limekuwa na bendi iitwayo Ruvu Stars. Aidha barabara ya Morogoro ndiyo njia ya bendi za Dar es Salaam zinazokwenda ziara za bara, na Kibaha iko mwanzoni mwa njia hiyo.

Ufundi

Ufundi wa solo ya dansi hauonekani kirahisi kwa mtazamaji, kwa kuwa haujengwi juu ya kasi peke yake. Mambo yanayohesabiwa ni haya:

- Wakati. Vipande vya solo, solo la pili na rizimu hufumana kama ukili wa mkeka. Pigo la solo likichelewa kidogo hugongana na pigo la gitaa la pili, na mfumo mzima husikika umelegea.
- Sauti pacha. Wapiga solo wengi hupiga nyuzi mbili kwa pamoja, zikiwa zimeachana kwa hatua tatu au sita za ngazi ya muziki, kama waimbaji wawili. Kidole kimoja kikikosea, kosa husikika mara moja.
- Usafi wa sauti. Gitaa la dansi kwa kawaida hupigwa bila kuipasua sauti, labda kwa mwangwi kidogo. Sauti safi haina pa kufichia uzi uliogongwa vibaya.
- Ustahimilivu. Chemko ikienda kwa mapigo 120 kwa dakika na mpigaji akipiga sauti nne katika kila pigo, hupiga sauti 8 kwa sekunde, yaani 480 kwa dakika. Kwa dakika tano ni sauti 2,400, nyingi zikiwa za kipande kile kile.

Wapigaji wengi walijifunza kwa kusikiliza na kumtazama aliyewatangulia, si kwa noti zilizoandikwa. Studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pakuu pa kurekodia nyimbo za bendi nchini, iliwarekodi wanamuziki wakipiga pamoja. Kosa la mmoja lingeweza kuwarudisha wote mwanzo. Hali hiyo iliwafanya wapigaji wathamini usahihi, ingawa wasikilizaji waliporudi nyumbani hawakuusifu usahihi huo kwa jina lake. Walisema tu kwamba wimbo umetulia.

Hisia

Katika Kiswahili cha wapenzi wa muziki gitaa lenye hisia husemwa kuwa linaongea, linaimba au linalia. Maneno hayo yote yanatoka kwenye sauti ya binadamu, na yanaonyesha kipimo chenyewe: solo nzuri ni ile inayosikika kama mtu anayesema jambo.

Njia zinazotumika kuleta hisia ni pamoja na kuchelewesha kidogo mwisho wa kipande, kuteleza juu ya uzi kutoka sauti moja hadi nyingine, kunyamaza pale msikilizaji anapotarajia sauti, na kurudia maneno ya mwimbaji kwa gitaa mara tu baada ya yeye kuyasema. Katika nyimbo za msiba, za kusalitiwa au za ugumu wa maisha, ambazo ni nyingi katika dansi ya Tanzania, solo ya sehemu ya kwanza huwa ya maneno machache. Mpigaji anayejaza kila pengo husemwa kuwa anamsumbua mwimbaji.

Katika chemko hisia huja kwa njia nyingine. Kipande kifupi hurudiwa hadi wachezaji wakizoee, kisha mpigaji hubadili sauti moja au mbili, au huhamia juu zaidi ya shingo ya gitaa. Badiliko dogo likija baada ya marudio mengi huwa na nguvu kubwa. Lakini haliwezi kusikika kama badiliko isipokuwa marudio yaliyotangulia yalikuwa sawasawa kabisa. Kwa hiyo katika sehemu hii ufundi na hisia si pande mbili zinazovutana. Usahihi wa marudio ndio unaoandaa hisia. Mwamuzi naye ni mmoja, uwanja wa kuchezea. Watu wakibaki vitini, solo imeshindwa, hata ikiwa haikuwa na kosa.

Ulinganisho na hevi metali

Hevi metali ilianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sauti ya gitaa lake hupasuliwa kwa amplifaya, jambo linalofanya uzi uendelee kulia kwa muda mrefu baada ya kupigwa. Mlio huo mrefu humruhusu mpigaji kuupinda uzi na kuutikisa, na hizo ndizo njia zake kuu za kuleta hisia. Katika dansi, ambako sauti ni safi na hufifia haraka, njia hizo hutumika kidogo, na hisia hutafutwa zaidi katika wakati na katika kufumana.

Historia ya hevi metali ina mifano ya pande zote mbili za mabishano. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa kijana, akalazimika kutumia nyuzi laini na baadaye kuzilegeza. Mlio mzito uliotokana na mazingira hayo ukawa msingi wa muziki mzima. Kwa upande mwingine Eddie Van Halen, kwa kipande cha gitaa pekee alichotoa mwaka 1978, na Msweden Yngwie Malmsteen, kwa albamu yake ya mwaka 1984, walipandisha sana kiwango cha kasi na usahihi. Malmsteen aliiga muziki wa Bach na Paganini, na kizazi kilichomfuata kilifanya mazoezi kwa kutumia metronomu, kwa kuwa kasi inaweza kuhesabiwa na kulinganishwa. Wakosoaji walisema solo zimegeuka mashindano ya riadha; watetezi walijibu kwamba mpigaji asiye na ufundi hana njia ya kueleza anachohisi. Mwaka 2003 Metallica, moja ya bendi kubwa za muziki huo, ilitoa albamu isiyo na solo ya gitaa hata moja, na wapenzi wengi walilalamika.

Tofauti kubwa iko kwa msikilizaji. Mashabiki wa hevi metali kwa kawaida husimama wakiitazama jukwaa, nao humtazama mpigaji mikono. Mashabiki wa dansi huwa wanacheza, wawili wawili au kwa safu, na wengi wao hawamtazami. Solo inayovutia macho ina thamani ndogo mahali ambapo watu wanasikiliza kwa miguu.

Afrika Mashariki na nchi jirani zimekuwa na muziki ulio karibu na roki nzito. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilitoa albamu yake mwaka 1976, wakati ambapo Zambia ilikuwa na aina ya roki iliyojulikana kama Zamrock, yenye magitaa ya sauti iliyopasuliwa. Patrick Balisidya wa Afro 70 alichanganya dansi na gitaa lenye mvuto wa roki. Katika karne ya 21 bendi za hevi metali zimejitokeza Nairobi, zikiwemo Last Year's Tragedy na Seeds of Datura, na Uganda, ikiwemo Vale of Amonition. Kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, likichanganya muziki wa metali na sauti za kompyuta.

Utambuzi wa wapigaji

Katika dansi anayetajwa kuwa mtunzi kwa kawaida ni yule aliyeleta maneno na sauti ya kuimba. Kipande cha solo, ambacho mara nyingi ndicho kinachoutambulisha wimbo kabla neno la kwanza halijaimbwa, hubuniwa na mpigaji wakati wa mazoezi. Mpigaji huyo hatajwi kila mara. Nyimbo nyingi za zamani zimeendelea kupigwa redioni zikiwa na jina la bendi na la mwimbaji tu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za watunzi na pia za wasanii watendaji, na usimamizi wake uko chini ya COSOTA. Hata hivyo ili mpigaji adai haki yake ni lazima ijulikane kwanza kwamba ni yeye aliyepiga. Kwa rekodi ambazo majina ya wapigaji hayakuandikwa, kumbukumbu za wanamuziki wenzao ndizo ushahidi uliobaki, na kila mzee wa bendi anapofariki ushahidi huo hupungua. Swali la nani alipiga solo ya wimbo fulani, ambalo kwa wapenzi ni la mabishano ya kijiweni, kwa familia za wapigaji ni swali la riziki.

Hali ya sasa

Tangu miaka ya 1990 idadi ya bendi zenye magitaa manne imepungua. Mashirika mengi ya umma yaliacha kumiliki bendi, na Bongo Fleva, inayotengenezwa zaidi kwa kompyuta, imechukua wasikilizaji vijana. Bendi kama African Stars, maarufu kwa jina la Twanga Pepeta, ziliendeleza solo kwa kufuata zaidi sebene ya Kongo, yenye kasi kubwa. Msondo Ngoma na Sikinde ziliendelea kupiga nyimbo zao za zamani pamoja na mpya, na wapiga solo vijana wa bendi hizo hutakiwa kwanza kuvipiga vipande vya waliowatangulia bila kukosea, ndipo waongeze vya kwao.

Ngoma za Wazaramo nazo zimezaa muziki mwingine usiotumia gitaa. Mchiriku, uliokua katika vitongoji vya Dar es Salaam, huweka kibodi ndogo mahali pa solo, na sauti yake hupasuka kwenye spika kwa namna inayokaribia ile ya hevi metali. Singeli, iliyofuata, huweza kwenda kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Katika muziki huo kasi haionekani kuwa adui wa hisia. Kasi ndiyo hisia yenyewe.

Mafunzo rasmi ya muziki hutolewa katika vyuo kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), katika Mkoa huo huo wa Pwani, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 2002. Vyuo vinaweza kufundisha ngazi za muziki, kordi na usomaji wa noti. Namna ya kumwachia mwimbaji nafasi na ya kulishika chemko bado hupatikana zaidi kwa kukaa na bendi.

Tazama pia

- Muziki wa dansi
- Mbaraka Mwinshehe
- Muhidin Maalim Gurumo
- Mlimani Park Orchestra
- Msondo Ngoma
- Wazaramo
- Mkoa wa Pwani